Mwana wa Marehemu Giacomo

Barua pepe ilifika kutoka Corvedo Jumanne ya pili ya mwezi Juni, saa mbili asubuhi, wakati umande ulioganda bado unang'aa kwenye nyasi za uani. Mwandishi wake alikuwa Fabrizia Tonola, mtunza nyaraka wa kijiji hicho, mtu ambaye sijawahi kumwona. Nilikuwa nimemwomba nakala safi ya orodha ya watu waliohama mwaka 1855, kwa ajili ya toleo jipya la mwongozo wangu wa kusoma hati za wahamiaji. Alinitumia orodha, na chini yake akaongeza maneno machache:

"Samahani, Bibi Moraschi. Nimeona katika mwongozo wako umeandika kwamba 'di' na 'fu' yote mawili maana yake ni 'mwana wa'. Si hivyo. 'Di' ni mwana wa mtu aliye hai. 'Fu' ni mwana wa marehemu. Kwetu majina ni machache na watu ni wengi. Bila neno hilo hatujui tunamzungumzia nani."

Nilisoma mara moja tu. Nilifundisha kemia miaka thelathini na minne katika sekondari ya mji huu, na najua hali ya jaribio pale unapogundua kwamba chupa mbili zilibandikwa kila moja lebo ya mwenzake. Hakuna unachoweza kuokoa. Unamwaga vyote.

Nieleze mambo yalivyo. Hapa Hepburn, upande huu wa kusini wa dunia ambako Juni ni majira ya baridi, nusu ya familia za zamani zimetoka katika mabonde ya Uswisi yanayozungumza Kiitaliano. Wazee wetu walikuja kuchimba dhahabu, na ilipokwisha wakapanda mizabibu, wakatengeneza bulboa, soseji za nyama ya ng'ombe na nguruwe tunazokula hadi leo, wakazikwa kwenye mteremko wa nyuma ya kanisa. Corvedo ilikuwa na kaya arobaini. Thelathini na moja kati ya hizo ziliitwa Moraschi. Mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la babu yake, kwa hiyo majina yaleyale yalizunguka mpaka karani akalazimika kuongeza jina la baba, na bado hayakutosha.

Katika orodha ya 1855, mstari wa kumi na nne unasema: Pietro Moraschi fu Giacomo, miaka ishirini na minne. Mstari wa kumi na tano unasema: Pietro Moraschi di Giacomo, miaka kumi na tisa. Walipanda meli moja. Wote wawili walifika Hepburn. Mmoja ni baba wa babu yangu. Mwingine ni baba wa babu yake Nola Pascoe, ambaye alizaliwa Moraschi kabla ya kuolewa.

Na ipo hati ya tatu. Ni kumbukumbu ya kikao cha baraza la Corvedo, Novemba 1854. Inasema kwamba Pietro Moraschi fu Giacomo aliwachukua mbuzi sita wa mjane Orsola kutoka malisho ya juu, akavuka nao mlima, akawauza ng'ambo ya mpaka. Mjane na watoto wake wawili walipitisha majira ya baridi bila maziwa, wakila njugu za msituni walizopewa na majirani. Mwizi hakuwa na mali wala mtu wa kumdhamini. Baraza likaamua kumlipia nauli ya meli kwa sharti kwamba asirudi tena, na jina lake likafutwa katika orodha ya wenye haki ya malisho na msitu.

Mwaka 2006 chama chetu cha historia za familia kilikuwa kikitayarisha kibao cha shaba chenye majina ya waanzilishi. Nola alikuja kwenye kikao na picha ya kibanda cha magome ya miti ambamo Pietro wake aliishi akichoma mkaa. Alikuwa na miaka sitini na tisa, mpishi mstaafu wa hospitali. Aliiweka picha mezani mbele yangu.

"Walikuwa wawili, Glenys. Wako na wangu. Kwenye kibao waandikwe wawili."

Nilisema kuna tatizo. Nilikuwa na kumbukumbu ya baraza ndani ya faili, nikaisoma yote kwa sauti, nikitafsiri mstari kwa mstari. Kisha nikasema kwamba kwa ushahidi uliopo, mtu huyo ni Pietro wa mstari wa kumi na tano, na kwamba haingefaa kumweka kwenye kibao mtu ambaye kijiji chake mwenyewe kilimfuta.

Halafu mtu mmoja nyuma akalia, "Meee!" Watu wakaangua kicheko. Nola alichukua picha yake, akavaa koti, akafunga vifungo vyote kimoja kimoja, akatoka. Mimi ndiye niliyekuwa katibu. Niliandika: Bi Pascoe aliondoka saa tisa na dakika arobaini.

Nilijuaje kwamba mwizi alikuwa wake? Hili ndilo swali nililojiuliza Jumanne ile, nikiwa nimekaa mbele ya kompyuta na chai yangu imepoa. Niliamini 'fu' na 'di' ni kitu kimoja. Kwa hiyo mbele yangu kulikuwa na Pietro wawili, baba yao ana jina moja, wametoka mwaka mmoja, na hapakuwa na kitu cha kuwatenganisha. Mtafiti mwaminifu angeandika: haijulikani. Mimi sikuandika hivyo. Pietro wangu alijenga nyumba ya mawe yenye pishi la mvinyo, na ingali imesimama. Wa Nola alichoma mkaa. Hati ilisema mwizi hana mali. Nilichagua kwa kuitazama nyumba ya mawe, kisha nikaita uchaguzi huo ushahidi.

Mtu mwenye baba aliye hai angekuwa na wa kumdhamini. Hata hilo lilikuwa ndani ya hati, na nilikuwa nimelisoma kwa sauti mbele ya watu.

Tangu siku ile, Darryl, mtoto wa Nola, anaitwa Mbuzi. Yeye ni fundi bomba, na wakati ule ndiye aliyekuwa kocha wa timu ya mpira ya mji. Uwanjani, timu yake ikifungwa, jukwaa zima lililia kama zizi. Akiingia baa: "Mbuzi, leo nani amekufungulia kamba?" Mtu alimchorea pembe kwenye gari lake la kazi, naye hakuzifuta. Alikuwa akicheka nao. Nilichukua kicheko chake kuwa dalili kwamba hakuna aliyeumia. Nola hakurudi tena kwenye chama, na hata kanisani alianza kukaa benchi la mwisho.

Saa sita mchana nilikwenda kwenye nyumba ya mawe. Mdogo wangu Kelvin anaiendesha kama nyumba ya wageni. Vyumba sita, na mvinyo wake mwenyewe. Sanduku la Pietro lipo sebuleni, chini ya kioo, wageni walipige picha. Nilifungua kioo nikatoa pasi yake ya kusafiria. Nimeishika karatasi ile tangu utotoni. Mwandiko wa karani ni mzuri sana, hauna utata wowote. Pietro Moraschi fu Giacomo.

"Unatafuta nini humo?" Kelvin aliniuliza. Alikuwa anafuta glasi.

"Kelvin, mwizi ni wetu."

"Mwizi gani?"

"Wa mbuzi."

Akaweka glasi chini. Nikamweleza. Kelvin si mjinga, alielewa upesi kuliko nilivyotaka.

"Sasa dada, unataka kufanya nini? Hao mbuzi wamekufa tangu mwaka elfu moja mia nane hamsini na nne."

"Nola hajafa."

"Si umesema moyo wake umechoka? Si kila Alhamisi uko kule makao ya wazee anakoishi, unawapelekea vitabu vyako, unasikia manesi wanasema nini?" Akashusha sauti, ingawa hapakuwa na mgeni. "Subiri. Wiki chache tu. Halafu rekebisha kitabu chako kimyakimya. Nani ataumia?"

"Darryl."

"Darryl ameshazoea! Mwite Darryl leo, hageuki. Mwite Mbuzi, uone." Alicheka, kisha akaona mimi sicheki. "Mimi nina wageni, dada. Wanakuja kulala nyumba ya mwanzilishi. Hawaji kulala kwa mwizi."

Kwa usahihi lazima niandike kwamba nililifikiria pendekezo lake siku mbili. Katika siku hizo mbili nilisahihisha mwongozo. Ukurasa wa tano, neno moja. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha yai. Nilifanya hilo kwanza, kabla ya kumwambia mtu yeyote ambaye lilimhusu, na nilipolimaliza nilijisikia kama mtu aliyetimiza wajibu. Hali hiyo ilidumu mpaka nilipozima kompyuta.

Alhamisi nilikwenda makao ya wazee bila vitabu. Nola alikuwa ameegemea mito mitatu, mrija wa oksijeni puani. Darryl alikaa kando ya kitanda akimkata kucha, kiganja cha mama yake juu ya taulo kwenye goti lake.

"Mama, mtoto wa Albert amekuja," alisema. Albert alikuwa baba yangu. Kwangu mimi akaongeza, "Karibu, Mwalimu." Ana miaka sitini na bado ananiita hivyo.

"Namwona. Moyo ndio umechoka, si macho," Nola alisema. "Anataka nini?"

Sikukaa. Niliweka nakala mbili juu ya blanketi, orodha na pasi, nikaeleza. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, sentensi sita, na niliyasema yote kwa mfululizo uleule. Nilipomaliza, Darryl ndiye aliyeuliza.

"Kwa hiyo hiyo 'fu' maana yake baba yake ameshakufa."

"Ndiyo."

"Na imeandikwa kwenye pasi ya mzee wenu."

"Ndiyo."

"Hiyo iliyo kwenye sanduku lenu. Chini ya kioo."

"Ndiyo, Darryl."

"Mwalimu." Alifunga mkasi wa kucha. "'Soma swali mpaka mwisho, Pascoe.' Unakumbuka? Kila wiki, kwa kalamu nyekundu. Daftari langu lilikuwa kama limechinjiwa kuku." Alicheka kwa mabega tu, bila sauti. "Mpaka mwisho, Pascoe!"

Nola hakucheka. Aliivuta nakala ya orodha karibu na uso, akaweka kidole kwenye mstari wa kumi na tano, akakiacha hapo.

"Yule mjane," alisema. "Orsola. Watoto wake walipona?"

"Sijui."

"Hukuangalia?"

Rejista ya vifo ya Corvedo ninayo nyumbani tangu mwaka 2004. Ingenichukua robo saa. "Sikuangalia," nilisema.

"Mimi niliwaombea misa. Kila Novemba. Mnajua hilo? Padri mpya alidhani ni ndugu zangu. Nikamwambia, hapana baba, ni watoto tuliowanyima maziwa." Alipumzika, akavuta pumzi kupitia mrija. "Na Pietro wangu nilimwombea, asamehewe. Miaka kumi na tisa namwombea msamaha mtu ambaye hajafanya kitu. Nilimwona kila siku katika ile picha, na kibanda chake, nikisema, kumbe ndiyo maana, mzee, kumbe ulikuwa unajificha."

"Samahani, Nola."

"Subiri na samahani yako. Uliyasema wapi yale?"

"Ukumbini."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya chama."

"Basi." Akaondoa kidole kwenye karatasi. "Hapa kitandani hakuna chama. Mimi na Darryl hatukuhitaji kuambiwa sisi si wezi, wanaohitaji kuambiwa ni wao. Ukishasema kule, uje uniambie ilivyokuwa. Na usipunguze kitu."

Kikao kilikuwa Jumamosi iliyofuata, saa nane mchana. Walikuja watu ishirini na watatu. Kelvin alikuja pia, ingawa huwa haji, akakaa mstari wa mbele huku amekunja mikono. Beverley Scanlan, mwenyekiti wetu, alinipa nafasi ya kwanza kwa sababu nilikuwa nimeomba "dakika tano za masahihisho". Ndivyo nilivyoomba. Masahihisho.

Nilisimama mahali palepale, nikasoma kumbukumbu ile ile ya baraza, mstari kwa mstari. Mbuzi sita. Mjane. Njugu za majirani. Nikaeleza 'fu' na 'di'. Nikasema mwizi ni baba wa babu yangu, na kwamba mwaka 2006 nilimhukumu mtu mwingine kwa sababu aliishi katika kibanda. Nikasema nilimkosea Nola Pascoe na watu wake mbele ya ukumbi huu, na ukumbi huu ulisaidia. Hiyo sentensi ya mwisho sikuwa nimeiandika.

Nilisikia birika la chai likianza kuchemka jikoni.

Kisha Kelvin akageuka kuwatazama watu, akafungua mikono. "Sasa mmejua kwa nini tuliweza kujenga nyumba ya mawe!"

Wote wakacheka. Kilikuwa kicheko chema, cha kupokea mtu. Mzee Lindsay alipiga goti lake. "Mbuzi sita! Mimi ningechukua na mjane!" Mwingine akasema, "Kelvin, weka picha ya mbuzi kwenye chupa zako, zitaisha kabla ya Krismasi," na Kelvin akajibu kwamba ndiyo kwanza alikuwa anawaza hivyo. Beverley alinishika mkono, akaniambia nina ujasiri, na kwamba mtu wa aina hiyo kwenye ukoo anapendeza zaidi kuliko watakatifu. Hakuna aliyelia kama mbuzi. Hati ilikuwa ileile, na wengi wa wasikilizaji walikuwa walewale.

Kisha tukapiga kura kuhusu kibao. Jina la Pietro wa Nola liongezwe: mikono ishirini na mitatu. Beverley akapendekeza chama kimwandikie Nola barua ya kumtakia afya njema. Nikasema chama kimwandikie barua ya kumwomba radhi. Likajadiliwa kwa muda, mtu mmoja akasema hatukumbuki vizuri kilichotokea mwaka ule, na mwishowe likaandikwa neno "masikitiko". Baada ya hapo tukanywa chai na keki ya tangawizi.

Nilipofika nyumbani nilifungua rejista ya vifo. Mtoto mdogo wa Orsola, Maddalena, miaka miwili, alifariki Februari 1855. Mkubwa aliishi mpaka uzee. Niliandika tarehe zote mbili kwenye kadi.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kwa Nola. Darryl alikuwa barazani anavuta sigara; alinipisha. Nola alikuwa dhaifu kuliko Alhamisi, lakini macho yake yalinifuata kutoka mlangoni.

Nilimpa kadi kwanza. Aliisoma mara mbili.

"Maddalena," alisema. "Huyo nilimwombea bila jina." Akaiweka kadi chini ya mto. "Haya. Kule ilikuwaje?"

Nikamweleza kwa mpangilio, kuanzia idadi ya watu. Nilimwambia nilichosema. Nilimwambia maneno ya Kelvin, na ya Mzee Lindsay, na ya chupa za mvinyo. Nilimwambia kuhusu neno "masikitiko". Aliniambia nisipunguze kitu, sikupunguza.

"Walicheka," alisema.

"Ndiyo."

"Kama walivyonicheka mimi?"

"Hapana. Sisi walitucheka kwa kutupenda."

Alifumba macho kidogo. Nilidhani amelala.

"Na wewe?" akauliza. "Ulifanya nini walipocheka?"

Hili ndilo swali nililokuwa nimeomba asiliulize. Ningeweza kusema sikumbuki. Watu ishirini na watatu walikuwa wametangulia kutokumbuka. Lakini nakumbuka vizuri sana. Kelvin aliposema yale ya nyumba ya mawe, kitu kilifunguka kifuani mwangu, nafuu kubwa ambayo sijawahi kuipata, na nikacheka kabla ya Lindsay, kabla ya Beverley. Nilikuwa wa kwanza.

"Nilicheka, Nola. Nilianza mimi."

Aligeuza uso upande wa dirisha. Mkono wake ulihangaika kwenye ukingo wa shuka, akijaribu kujisogeza juu ya mito na kushindwa.

"Ngoja nikusaidie," nilisema, nikainuka.

"Wewe hapana. Niitie Darryl."

Nikaenda kumwita.